Unga wa Paka

Paka wangu alikufa kwa mahindi ya mama yangu, na mimi nikaenda kugombana na jirani. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asikae akingoja kuambiwa ni nani aliyemwekea paka sumu. Hakuna. Sumu ilikuwa kwenye gunia, gunia lilikuwa nyumbani kwangu chini ya dirisha, na magunia mengine kama hilo yalikuwa nyumbani kwa mama, kule Makueni, kando ya kitanda chake. Siku zile zote nilizokuwa napiga kelele Noonkopir, mtaani kwetu Kitengela, kwa ajili ya paka, mama alikuwa anakula. Hilo ndilo lililonichoma, na bado linanichoma.

Sikuwa mtu wa paka. Kwetu Ukambani paka ni mfanyakazi, si mgeni wa sebuleni. Analala penye nafaka, anakamata panya, na siku akifa anatupwa shambani na kazi inaendelea. Lakini mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule pale pale nyumbani, na panya wa Kitengela hawana adabu. Walinitafunia kola za mashati ya watoto wa watu, wakahamia kwenye mkanda wa cherehani. Nikasema basi, na paka aje.

Akaja wa kijivu mwenye milia, mwembamba, mwenye sura ya kudai haki yake. Wiki ile ile watu wakaanza kunishauri bila kuulizwa. Mama mmoja wa kwetu kanisani aliniambia nisimwache alale chumba kimoja na mtoto, eti paka huona vitu. Mume wangu alisema mbwa humjua mwenyewe, paka huijua nyumba tu, kwa hivyo nisijidanganye kwamba napendwa. Fundi wa mabomba aliyekuja kuziba bomba aligoma kuingia jikoni mpaka paka atolewe, kwa sababu alikuwa anamwangalia. Mtu mzima na ndevu zake, anamwogopa mnyama anayetoshea kwenye karai.

Aliyempenda ni binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule ya chekechea. Walikula pamoja, sakafuni, mlangoni pa jikoni. Nilikuwa nikimfukuza, nikigeuka anarudi, na mara moja nilimkuta ametia vidole kwenye bakuli la paka, analamba. Nilimchapa kofi la mkono kwa sababu ya uchafu. Uchafu ndio niliouogopa wakati huo.

Mama alikuja kututembelea baada ya mavuno. Mama hakuwa na imani na unga wa dukani. Unga wa dukani hujui umesagwa na nini, alikuwa akisema, na watoto wa mjini mbona wote wana miguu ya kuku. Kwa hivyo hakuna mwaka aliokuja mikono mitupu, na mwaka ule alishuka na gunia zima, akiwa amewalazimisha wanaume wa stejini walibebe mpaka mlangoni huku akiwaita wanangu, wanangu, asante wanangu.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua ilikataa kwisha. Mahindi yalivunwa na maji yake, na jua la kuyaanika halikuonekana. Zamani yangekaa kwenye ghala la fito nje, upepo upite, lakini siku hizi ghala la nje ni kumwita mwizi kwa jina. Kila mtu kule analala na mahindi yake. Mama aliyafunga kwenye magunia ya nailoni, akayapanga chumbani, akayafunika karatasi ya plastiki ili paa lisiyavujie. Alinieleza hayo yote kwa fahari, akinywa chai kwangu, kwamba safari hii hakuna mwizi aliyepata hata gunzi.

Alipoondoka nilifungua gunia. Lilitoa harufu nzito, ya nguo iliyokunjwa mbichi. Nikakaa chini na ungo, nikaanza kuchambua, mazuri huku, mabaya kule. Mabaya yalikuwa na madoa, mengine yana ukungu wa kijani kwenye kichwa cha punje, ukiisugua inabaki vumbi kidoleni. Hayakuwa mengi. Sasa, msomaji ambaye hakulelewa na mtu aliyeona njaa ataniuliza mbona sikuyatupa. Kwetu mahindi hayatupwi. Mtu aliyekula mizizi mwaka wa ukame hawezi kukuona unamwaga mahindi kwenye takataka akanyamaza, na hata akiwa mbali utamsikia. Mazuri tukala sisi. Mabaya nikayagawa mara mbili: mengine nikayapeleka mashineni yakasagwa peke yake, yakawa unga wa paka, nampikia uji mzito namtilia vichwa vya omena, wale dagaa wa ziwani. Yaliyobaki yalikwenda kwa jirani, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Jirani yangu ni mama Mmaasai wa umri wa mama yangu. Familia yake ilikuwepo pale kabla ya mawe ya kwanza ya nyumba za kupanga, na ingawa ardhi imeuzwa kipande kwa kipande, yeye bado ana mbuzi wachache na kuku wengi nyuma ya nyumba. Mimi humwita yeyo, yaani mama. Asubuhi moja alisimama mlangoni pangu. Nikamwamkia, "Takwenya, yeyo." Akaitikia "Iko," lakini kwa sauti ya mtu aliyekuja na kesi.

"Hiyo paka yako imekula watoto ya kuku yangu," alisema. "Mbili jana, leo moja."

Nikaomba msamaha. Nikamwambia paka ni mgeni, atafundishwa.

"Hiyo haifundishwi. Sisi hatujui mambo ya paka. Paka ni ya watu ya kulima. Nyinyi muko na mahindi, mahindi iko na panya, panya inaleta paka. Ng'ombe haina panya."

Alikuwa amesema kweli tupu. Nikampa ndoo ya yale mahindi ya madoa awape kuku, iwe pole yangu. Akafurahi, tukacheka, akaniletea maziwa jioni. Tangu hapo kila nilipochambua nilimpelekea ndoo, na kuku wake wakawa wanakimbilia uani kwangu wakisikia mlango. Tuliishi vizuri hivyo kwa muda.

Kisha paka akaacha kula.

Mwanzo nilidhani ana deko. Nikambadilishia omena, akanusa akaondoka. Akawa analala kando ya ndoo ya maji, kidevu ukingoni, hanywi. Tumbo likajaa na mgongo ukabaki mifupa. Siku aliponiangalia nikaona weupe wa macho yake umekuwa manjano, nilimtia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wanaume wa fimbo na mashuka waliokuja kutafuta dawa ya kupe, na wote walichungulia kikapuni. Mmoja aliuliza kama hiyo nayo inakamuliwa.

Daktari alicheka pia, lakini alipofunua mdomo wa paka aliacha kucheka. Ufizi ulikuwa na rangi ya bizari. Alimbonyeza tumbo, akamwangalia puani, ambako damu kidogo ilikuwa imekauka.

"Ini imeharibika," alisema. "Huyu amekula sumu, mama."

"Sumu gani?"

"Hapo siwezi kujua. Huko kwenu kuna mtu ako na shida na yeye?"

Nikafikiria vifaranga. Nikasema yuko.

Alimdunga sindano, akanipa glukosi nimnyweshe, na akaniambia nisiwe na matumaini makubwa. Mimi sikusikia habari ya matumaini. Nilikuwa nimeshika neno sumu, nikatoka nalo pale sokoni mpaka Noonkopir, na kila hatua lilizidi kuwa zito. Nina mdomo, sikatai, na nilipofika sikuingia hata kwangu. Nilimkuta yeyo amekaa nje anashona shanga, nikamwambia mbele ya wapangaji wote kwamba mtu anayemtegea kiumbe kisichosema anaweza kumtegea hata mtoto. Nilimwambia anywe maziwa yake mwenyewe. Nilimwambia mengine ambayo mtu hasemi kwa mwanamke wa rika la mama yake.

Hakusimama. Aliniangalia, akaweka shanga mapajani. "Enkai iko," alisema. Mungu yuko. Akaendelea kushona.

Alasiri hiyo hiyo mama alinipigia simu. Nilimmwagia habari zote, paka, sumu, jirani. Alinisikiliza, akacheka kicheko cha chini ambacho hakikufika mwisho, kikaishia kwenye kuhema.

"Mwiitu," alisema, yaani binti, ndivyo alivyoniita tangu zamani, "paka wa nyumba haingwi, sawa, lakini pia hapiganiwi hivyo. Nenda umwombe huyo mama msamaha."

"Mbona unahema?"

"Ni mwili tu umechoka. Tumbo limejaa. Chakula hakinipendi siku hizi."

"Nenda upimwe malaria."

"Nitaenda," alisema, na tukarudi kwenye habari za jirani, kwa sababu mimi ndiye niliyezirudisha.

Paka alikufa mchana, kwenye jua, pale mlangoni pa jikoni. Binti yangu alimwekea kijiko cha uji karibu na mdomo. Tulimzika nyuma ya choo, na mtoto akaniuliza kama na sisi tutakula sumu. Nilimwambia hapana, sumu ilikuwa ya paka. Nilisema hivyo huku nikiwa na sufuria ya githeri jikoni, mahindi ya gunia lile lile na maharagwe.

Baada ya hapo yeyo hakupita tena kwangu. Uani kukawa kimya, na nilidhani ni ule ukimya wa watu waliokosana. Sikutambua kwamba hata kuku walikuwa hawaji. Kisha siku moja nilifungua mlango asubuhi nikakuta kuku waliokufa wamepangwa kwenye kizingiti, vichwa upande mmoja, miguu upande mmoja, manyoya yao yamelowa umande. Jogoo alikuwa wa mwisho, mdomo wazi. Yeyo alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, mikono kifuani, na nyuma yake wapangaji wanatazama.

"Ulilipiza," alisema. "Sawa. Sasa useme kama mbuzi pia itakufa, nijue."

Damu ilinipanda, kisha ikashuka. Kwa sababu mimi sikuwa nimefanya kitu, na nilijua sikuwa nimefanya, na kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba labda na yeye hakuwa amefanya. Basi nani? Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtu. Adui unayemjua unaweza kumtukana.

Alikuwa amekwisha kumwita daktari wa mifugo kwa ajili ya mbuzi, na ni yule yule. Alipofika alimchukua kuku mmoja, akampasua pale pale juu ya mfuko wa plastiki. Ini lilikuwa kubwa, limepauka, lina rangi ya maziwa yaliyoharibika. Aliliangalia muda mrefu, akaniangalia mimi, nadhani akikumbuka kikapu.

"Hawa walikuwa wanakula nini?"

Yeyo alininyooshea kidole. "Yeye ndiye alikuwa ananipea."

"Na ile paka?"

Niliingia ndani nikatoka na ndoo ya mahindi na ule unga. Daktari alitia mkono, akanusa, akasugua punje moja katikati ya vidole, vumbi la kijani likamshika. Alinieleza kwa maneno machache. Ukungu huu hutoa sumu. Haifi kwenye moto, upike utakavyo. Hukaa kwenye ini. Wadogo hutangulia, kuku, paka, mbwa, kwa sababu miili yao haihimili, kisha wakubwa hufuata polepole.

"Nani mwingine anakula hii?" aliuliza.

Nilimshika binti yangu nikamfunua macho pale uani, mbele ya watu, mpaka akalia. Yalikuwa meupe. Yeyo alikuja akanishika mkono, yeye niliyemtukana, akasema mtoto ako sawa, angalia vizuri, ako sawa. Baadaye hospitali pia walisema hivyo, damu yake ilikuwa safi, na ya mume wangu, na yangu. Lakini daktari wa mifugo hakuwa amemaliza. Alikuwa bado ameshika ile punje.

"Na huko yalikotoka?"

Nilipiga simu nikiwa nimesimama katikati ya kuku waliokufa. Iliita mara nyingi. Alipopokea, sauti yake ilikuwa mbali na mdomo.

"Mama, yale mahindi unayala?"

"Sasa nitakula nini kingine?"

"Yana madoa?"

"Ya madoa ndiyo yangu," alisema. "Wewe nilikuchagulia mazuri."

Gunia nililokuwa nalichambua kila juma, nikilitoa uchafu wake kwa ajili ya paka, yeye alikuwa amelichambua kwanza. Alikaa na ungo wake chumbani, akatoa punje mbaya moja moja ili mtoto wangu asizile, na zile alizotoa akabaki nazo. Nilichompa paka ni masalio ya kilicho bora. Yeye alijipa kilichobaki.

"Na paka wako yuko wapi?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

"Huyo alikufa kitambo. Hata wa kwa ndugu yangu hapo chini. Ni ugonjwa wa paka umepita huku." Akapumzika, akahema. "Paka ni kitu cha kumpigia mtu simu?"

Nilimwambia asile tena. Nilimpigia mjomba wangu, yule ndugu yake wa hapo chini, nikamwamuru amtoe mama nyumbani saa ile ile. Nilipofika hospitali ya kule nilimkuta kitandani, na sikuhitaji kuelezwa na mtu, kwa sababu nilikuwa nimeiona rangi ile kwa paka. Tumbo lilikuwa limeinua shuka. Aliniuliza kama tumekula. Daktari alizungumza nami kwenye korido, akitumia neno ini, na akaniambia nisiwe na matumaini makubwa. Safari hii nililisikia.

Mama alikaa siku chache, akaenda.

Mimi na mume wangu tulimwacha mtoto nyumbani kwa mama na wanawake wa kwetu, tukashughulika na mambo ya chumba cha maiti, na tukarudi mchana, tumechoka. Boma lilikuwa limejaa. Watu wa kwetu hawamwachi mwenzao na msiba. Wanaume walikuwa wamefunga hema, wanawake wameteka maji na kupanga mawe ya moto uani, na sufuria zile kubwa za kanisa zilikuwa zinachemka. Nilishukuru moyoni. Nilipita nikisalimia, nikishikwa mikono, mpaka nilipofika kwenye moto wa kwanza nikaona kinachochemka ni githeri.

"Mahindi mmetoa wapi?" nilimwuliza shangazi aliyeshika mwiko.

"Si ni haya ya mama yako," alisema kwa upole. "Chumba kizima kimejaa. Tumeona awalishe watu wake mwenyewe, aende kwa heshima."

Nilikuwa nimemwambia mjomba habari ya mahindi. Lakini mjomba nilimwambia amtoe mama, sikumwambia atoe magunia, na mtu akikwambia mahindi ya marehemu yana sumu wakati wa matanga, nani atalisema hilo kwa sauti? Angeulizwa ni nani aliyemroga. Nilikamata ukingo wa sufuria kwa leso nikaipindua. Githeri ilimwagika kwenye moto, mvuke ukapanda, wanawake wakaruka nyuma. Nikaenda kwenye ya pili, nikaipindua. Nilimsikia mtu akisema nishikwe, huzuni imenipanda kichwani. Mjomba alikuja mbio, akasimama mbele yangu na mikono juu.

"Umemwaga chakula cha dada yangu," alisema.

"Hicho ndicho kilichomuua."

Nililisema kwa nguvu, na watu wote chini ya hema wakalisikia. Hakuna aliyebisha. Wengi wao walikuwa na magunia kama yale kando ya vitanda vyao, na niliona wanavyoangaliana, na wanavyoanza kukumbuka. Ndipo shangazi, ambaye bado alikuwa na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Watoto tulishawapakulia."

Nikageuka. Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji, wajukuu wote wa mama na watoto wa majirani, na binti yangu katikati yao. Walikuwa wamekaa kwa mstari, sahani mapajani, wanakula bila kuzungumza, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba penye msiba mtoto mzuri hapigi kelele wala habakishi chakula.